Maharage yapo stoo, kwenye sahani hayapo: uchambuzi wa kisa cha chakula cha shule moja kanda ya kati

Usuli

Shule yenyewe sitaitaja. Itoshe kusema ni shule ya msingi ya serikali, kijijini, kanda ya kati huku kwenye mtama, alizeti na mibuyu, wanafunzi kama 640 hivi. Vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili watu wasitambulike. Mimi nilikuwa mwalimu wa kawaida pale, na mwaka huo mwalimu mkuu akanipa kazi ya chakula, kazi ambayo walimu tunaikimbia sana maana ukikosea unaitwa mwizi na ukipatia hakuna anayekumbuka kama upo.

Chakula kilikuwa makande siku tano za wiki. Mzazi alitakiwa kuleta debe moja la mahindi na sado mbili za maharage kwa kila mtoto kwa mwaka, na hela kidogo ya chumvi na ya mpishi. Kuni watoto wanakuja nazo asubuhi, maji nayo kwenye vidumu. Sasa tangu elimu bila ada ianze 2016 mchango wa chakula ni hiari na mtoto harudishwi nyumbani kisa mzazi hajatoa, jambo ambalo ni sahihi kabisa, ila kijijini kwetu wengi walisikia neno "bure" wakaishia hapo hapo. Mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni wa mwaka 2020 na sisi tulikuwa nao, ulikuwa kabatini chini ya mafaili ya mahudhurio, umekaa salama.

Kabla sijaendelea ngoja nipige hesabu moja maana kisa chote kinasimama hapo. Siku za masomo kwa mwaka ni kama 194. Ukimpa mtoto gramu 100 za mahindi kila siku unapata kilo 19 na kidogo, ambayo inakaribia debe lililojaa. Sado ya maharage ina kilo tatu na ushee, kwaiyo sado mbili zinampa mtoto gramu 30 na kitu kila siku. Yaani aliyepanga kile kiwango hakuwa mjinga, na mahindi na maharage kwa pamoja ni mlo mzuri tu, protini iliyopungua kwenye moja inafidiwa na nyingine. Nalisema hili mapema kwa sababu kila aliyekuja kutushauri alianzia kwenye kuongeza vyakula vipya.

Hali ilivyokuwa

Watoto walikuwa wanakula nusu wanamwaga. Nyuma ya jiko kulikuwa na mbuzi wa jirani wamenenepa kuliko mbuzi wowote pale kijijini, wanajua hadi saa ya kengele. Darasa la kwanza na la pili walikuwa wanapata kitu ambacho mimi nakiita mahindi ya kuchemsha yenye rangi ya maharage. Vipindi vya mchana madarasa ya juu wanalala. Malalamiko kwenye mkutano wa wazazi yalikuwa yale yale, chakula kibaya, na jibu la shule nalo lile lile, leteni michango.

Mahindi yenyewe yalikuwa na stori yake. Huku kwetu kuna kitu kinaitwa "mahindi ya shule", mama akichambua mahindi yake, yale mazuri ya kula, yale ya kati ya kuku, yale yaliyooza ncha na kutobolewa na dumuzi ndo ya shule. Hamna aliyeona ubaya, ni mazoea. Na hili siyo suala la ladha tu, mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, Dodoma na Manyara, mikoa ya hapa hapa katikati, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha, ukipika makande masaa matano sumu iko pale pale.

Siku tuliyohesabu maharage

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la mama mmoja mjumbe wa kamati ya shule, mwenye mgahawa mdogo pale senta. Alikuja siku moja tunabishana kama maharage yanaibiwa au hayaibiwi, daftari la stoo linasema sado nne zimetoka kila siku na sahihi zipo, mlinda stoo anaapa, wapishi wanaapa. Yule mama akasema, "Mwalimu, mimi mgahawani sihesabu gunia, nahesabu nyama kwenye bakuli. Chukueni sahani mhesabu."

Tukacheka kidogo. Alafu kesho yake tukafanya. Tulichukua sahani mbili za walimu, tatu za darasa la saba na tatu za darasa la kwanza, tukamwaga kila moja kwenye sinia na kuhesabu punje za maharage kama watoto wanaojifunza namba. Sado nne kwa watoto 640 ni kama gramu 20 kila mmoja, na kwa maharage yale mekundu ya ukubwa wa kati unategemea punje 50 hivi kwenye sahani. Za walimu zilikuwa na zaidi ya 110. Za darasa la saba arobaini na kitu. Za darasa la kwanza zilikuwa na 14, 9 na 6.

Ofisini kukawa kimya, maana hata kabla ya kufika kwenye wizi tayari sisi wenyewe tumo. Walimu tulikuwa tunapakuliwa wa kwanza na mpishi kwa heshima anazamisha mwiko anatafuta maharage. Wanafuata la nne na la saba kwa sababu wana mitihani ya taifa. Wadogo wanakuwa wa mwisho kwa sababu wakishakula wanaenda nyumbani. Hakuna aliyekaa akapanga kuwanyima, foleni tu ndo iliwanyima.

Ila pia hesabu haikujumlishika. Hata ukiweka sahani zetu zote zilizojaa, punje zilizotakiwa kuwa kwenye sufuria hazikuwepo. Nikaenda kukaa na wapishi jikoni, siyo kuwahoji, kukaa tu, siku mbili tatu, na siku ya tatu mmoja wao akaniambia mwenyewe huku anachochea moto: "Mwalimu sisi huu mwezi wa tatu hatujalipwa. Tunachukua sado moja tunagawana, watoto wetu nao wanasoma hapa hapa." Sado moja kati ya nne. Robo ya maharage yote ya shule ilikuwa mshahara.

Maamuzi na kwa nini

Mwalimu mkuu alitaka kuwafukuza. Kamati ikagawanyika, na mimi nilisema wakifukuzwa wakaja wengine wasiolipwa tutakuwa tumebadilisha majina tu. Ikaamuliwa deni lao lilipwe kwanza kutoka kwenye hela ya kuuza mahindi ya ziada, alafu malipo yao yasichanganywe tena na hela ya chumvi, na wao wakakubali kupimwa afya hospitali ya wilaya maana hata hilo lilikuwa limelala. Wote watatu walibaki.

La pili lilikuwa kutenganisha sufuria. Badala ya kupika makande ya pamoja tukaanza kupika mahindi peke yake na maharage peke yake, unakutanisha kwenye sahani. Kila mtoto anapata vikombe viwili vya mahindi na kikombe kimoja kidogo cha maharage, kikombe kimefungwa kamba kwenye meza ya kupakulia. Mwalimu, mtoto, mjumbe wa kamati, wote kikombe kile kile. Foleni tukaigeuza, wadogo kwanza. Walimu wawili walisusa wakarudi baada ya wiki moja na nusu, njaa haina cheo.

La tatu ni kuloweka. Maharage yanapimwa jioni mbele ya mwalimu wa zamu na mlinzi, yanalowekwa usiku kucha, asubuhi maji yanamwagwa kwenye mipapai na yanapikwa kwa maji mapya. Sababu tuliyoiandika kwenye kumbukumbu za kikao ni kuni, maana yaliyolowekwa yanaiva mapema zaidi, na kweli kuloweka na kumwaga maji kunapunguza gesi tumboni na pia kunapunguza vile vitu kwenye maharage vinavyozuia mwili usinyonye madini ya chuma. Sababu ambayo hatukuiandika alinong'ona yule mama wa mgahawa: maharage yaliyolowekwa hayauziki sokoni. Nani atanunua?

Kwenye mapokezi ya mahindi tukaamua mzigo wote upokelewe siku mbili tu, hadharani, unamwagwa kwenye turubai wazazi wote wanaona. Hapo hatukuhitaji kumkemea mtu. Mzazi wa kwanza aliyemwaga mahindi meusi mbele ya majirani zake aliyazoa mwenyewe na kurudi na mengine jioni. Unyevu tulipima kwa chupa na chumvi, njia rahisi ambayo mabwana shamba wanaifundisha: chupa kavu, chumvi kavu, mahindi robo ya chupa, unatikisa dakika chache, chumvi ikiganda pembeni ya chupa mahindi bado mabichi, rudisha juani. Magunia yakapandishwa juu ya mbao yakaachana na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa tulinunua michache kwa ajili ya maharage tu, bajeti haikuruhusu zaidi.

Chumvi tuligundua kwa bahati. Mhudumu wa afya alikuja na kile kichupa cha matone ya kupimia madini joto, akadondosha kwenye chumvi yetu ya mawe, inatakiwa ibadilike iwe bluu au zambarau, yetu ikabaki nyeupe kama ilivyo. Tukahamia chumvi ya pakiti na mpishi akaambiwa aweke mwishoni chakula kikikaribia kuiva.

Kisha ndo tukaongeza vitu, na tuliongeza vitatu tu. Mafuta ya alizeti, lita moja kwa mtoto kwa mwaka, ambayo ni kama kijiko cha chai kwa siku, na huku alizeti iko kila nyumba na mashine ya kukamua iko senta, kwaiyo mzazi hakuombwa hela. Niseme tu ukweli kwamba mafuta ya kukamua kijijini hayajaongezwa vitamini A kama ya kiwandani, hayo tuliyataka kwa ajili ya nguvu na kwa sababu mboga za majani bila mafuta mwili haufaidi vizuri. Cha pili Jumatano tuliacha makande tukaleta ugali wa mtama na dona kwa mlenda na karanga, mlenda mkavu uliokaushwa kivulini. Cha tatu ubuyu. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi na vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, ila ukiuchemsha unaiua, kwaiyo maji yanachemshwa jana, yanapoa, ubuyu unakorogwa asubuhi na kila mtoto anapata kikombe pamoja na chakula. Mibuyu imezunguka shule yote, watoto walikuwa wanamung'unya ubuyu njiani miaka yote na sisi tunawakataza kuingia nao darasani.

Uji wa lishe uliotuumbua

Hapa nakaa kidogo maana tulikosea vibaya na nimeona shule nyingine zikielekea huko huko. Katikati ya hayo yote mfadhili mmoja mwenye nia nzuri alileta hela ya uji wa asubuhi, na mtu akaja na fomula ya unga wa lishe wenye mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya na karanga. Ulionekana wa maana sana, vitu saba. Ukweli ni kwamba vitano kati ya hivyo ni nafaka, kazi yao moja, unalipa mara tano kupata kitu kile kile, nafaka moja nzuri na karanga ilitosha kabisa. Ila hilo lilikuwa kosa dogo.

Kosa kubwa ni soya. Ilisagwa mbichi. Soya mbichi ina kizuizi kinachokwamisha mwili kumeng'enya protini na inasumbua tumbo, inatakiwa itumbukizwe kwenye maji yanayochemka, ichemke vizuri, ikaushwe na ikaangwe ndo isagwe. Sisi tuliipeleka mashineni kama mahindi, mimi mwenyewe nilisaini ipelekwe. Na uji wa watoto mia sita unachemka dakika ngapi? Wakiona povu wanaepua. Na karanga zilizosagwa zikakaa na unga wiki tatu kwenye joto la kwetu zikaanza kuchacha, harufu tuliisikia tukasema ndo ilivyo. Siku ya nne ya kuupika watoto wengi wakaanza kuharisha na wengine kutapika, tukawapeleka zahanati, namshukuru Mungu wote walirudi nyumbani siku ile ile. Mganga alipouona ule unga na kusikia soya haijachemshwa aliuweka pembeni akasema tusiupike tena. Tukaufukia.

Madhara hayakuishia tumboni. Wiki mbili nzima watoto wengine walikatazwa na wazazi wasile hata makande, na mafuta ya alizeti yaliyokuwa yanaingia vizuri yakasimama. Ilibidi mwenyekiti wa kijiji, mimi na mwalimu mkuu tukae tule mbele ya mkutano. Mimi nilisimama nikasema nilisaini bila kuuliza. Bibi mmoja nyuma akasema, "Mwanangu soya ungeniuliza mimi, nilipika enzi za semina za kina mama." Na kweli hatukuwahi kumuuliza mtu yeyote anayepika.

Bustani nayo ilikufa, ila hiyo haihitaji maneno mengi, tulipanda mchicha mwezi wa nne, mwezi wa nane maji hayapo, mwezi wa tisa imebaki vijiti na bango. Mipapai ilibaki kwa sababu ya maji ya maharage.

Matokeo

Sitasema watoto waliongezeka damu kwa sababu hatukupima damu ya mtu. Tulichoweza kupima ni hiki. Kila mwezi tulirudia kuhesabu, na baada ya miezi minne sahani za darasa la kwanza zilikuwa kati ya punje 58 na 70, na tofauti na sahani za walimu ikawa ndogo ya kawaida ya kikombe. Maharage yaliyotoka stoo yalipanda kutoka sado nne hadi tano na nusu kwa siku, kwa sababu wazazi walianza kuleta, na walianza kuleta baada ya mimi kubandika ile hesabu ya kwanza ya 110 na 6 kwenye mlango wa ofisi. Mwalimu mkuu hakupenda. Lakini mzazi aliyekuwa anasema mnaiba hakuwa na cha kuongeza, tumeshasema wenyewe.

Makombo yalipungua hadi mwenye mbuzi akalalamika, nilidhani anatania kumbe yuko siriasi. Kuni zilishuka, watoto wakawa wanaleta siku tatu kwa wiki badala ya tano. Mchana bado walikuwepo waliolala, joto la mwezi wa kumi halina dawa, ila walimu wa vipindi vya mwisho waliacha kulalamika kwangu.

Wazazi wasiochanga kabisa walibaki, kama mmoja kati ya watano. Watoto wao walikula na majina yao hatukuyasoma popote. Kuna mjumbe mmoja aliyetaka yasomwe na alikuwa na hoja, kwamba wanaolipa wanalishia wengine, na sijui kama nilimjibu vizuri, nilimwambia tu mtoto siyo mdaiwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuhamisha kipimo kutoka stoo kwenda kwenye sahani. Daftari letu la stoo lilikuwa safi, mkaguzi yeyote angelipitisha, na mtoto wa miaka saba alikuwa anakula punje sita. Ripoti za chakula zinauliza shule inatoa chakula au haitoi, watoto wangapi wanakula, magunia mangapi yamebaki. Hakuna aliyekuwa anauliza wa mwisho kwenye foleni amepata nini. Na kuhesabu kwenyewe hakukuwa na gharama, ni sinia na dakika ishirini.

Pili, ukiangalia vile vitu vitatu vilivyodumu, alizeti, mlenda na ubuyu, vyote vilikuwa tayari kwenye nyumba za watu na kuna mtu anajua kuvitumia. Viwili vilivyokufa, uji na bustani, vililetwa na karatasi. Sisemi soya mbaya, soya nzuri sana kwa anayejua kuiandaa. Ila mlo wa shule unapikwa na mama wa kijijini kwa kuni na moshi, na chakula kinachohitaji hatua nne kabla ya sufuria kitarukwa hatua mbili siku ya kwanza yenye mvua.

Mpangilio nao. Tungeanza na mafuta na ubuyu kabla ya kulipa wapishi na kutenganisha sufuria, nina uhakika mafuta yangefuata njia ya ile sado ya nne. Na hapa nakubali tulibahatika zaidi ya kupanga, maana tulianza na kuhesabu kwa sababu ya ubishi tu.

Tulichoshindwa kabisa ni kukifanya kibaki bila watu wale wale. Mwalimu mkuu alihamishwa mwaka uliofuata, mimi nikahama baadaye. Nilipita pale mwezi wa tano nikamkuta yule mama wa mgahawa bado yuko kwenye kamati na wadogo bado wanakula kwanza, mlenda upo, kuloweka kupo. Kikombe cha kamba kilipasuka wakanunua kingine kikubwa kidogo bila kupiga hesabu upya, kwaiyo maharage ya mwaka yalikuwa yanaelekea kuisha mwezi wa nane. Tulikaa na mpishi tukajaza kikombe kile maji tukamimina kwenye cha zamani kilichopasuka mdomoni, kikafurika, tukachora mstari kwa msumari.